Sigaa Zanuka Udi na Papa: Sanduku la Shela Laweza Kuokoka?

Swali, kwa ufupi wake: "Shikamoo ami. Mimi ni mwangalizi wa nyumba hapa Shela, Lamu. Mwenye nyumba aliondoka Aprili akaniachia sanduku lake la sigaa, lile aliitalo humidori. Ndani mna sigaa arubaini na kitu, nyingi za Cuba na chache zile nyeusi za Kitaliano zilizopinda. Aliniusia nisiache sponji ya sanduku ikauke. Masika yalipovuja sebuleni nikalihamishia ghalani. Humo mna udi na ubani wa mke wangu, makopo ya viungo, papa mkavu na debe la sifa, mafuta ya kupaka mashua. Kila Ijumaa nimekuwa nikitia sponji maji ya bomba. Juzi kufungua, sigaa zanuka udi na papa, kipimo cha unyevu chasema asilimia 82, nyingine zina alama nyeupe kama manyoya, na mbili zina vitundu kama vya sindano. Mwenyewe arudi Desemba. Nizifute kwa marashi? Nizianike juani? Nizitie friji? Au nimpigie simu nimwambie zimekufa?"

Marahaba, mwanangu. Marashi hapana. Jua hapana. Friji peke yake hapana, ingawa friza tutaihitaji. Simu utampigia, lakini si leo. Mpigie ukiwa umeshazihesabu na unajua ngapi zimepona.

Nikwambie kwanza mimi ni nani katika jambo hili, maana wengine hushangaa. Nimetunza sigaa za wageni Malindi kwa zaidi ya miaka ishirini, nyuma ya kaunta ya hoteli, na sijavuta hata moja. Pua yangu, mapafu yao. Nilichojifunza nimejifunza kwa kunusa, kwa kubonyeza kwa vidole na kwa kulaumiwa.

Na katika haya lawama si yako peke yako. Ule wosia wa kutoacha sponji ikauke ni wosia wa nchi za baridi. Huko, majira ya kipupwe watu huwasha moto ndani ya nyumba na hewa ikakauka mpaka midomo ikapasuka, unyevu ukashuka asilimia 30 au chini yake. Sigaa ikiachwa katika hewa hiyo hukauka na kuvunjika kama jani la mkungu. Ndiyo maana wakabuni sanduku lenye sponji ya kuongeza maji. Sisi hapa, kusi ikivuma, chumvi hulowa kwenye kikopo na viatu vya ngozi huota ukungu chini ya kitanda. Hewa ya Lamu siku nyingi za mwaka huwa na unyevu wa asilimia 75 na zaidi. Sigaa yataka 65 hadi 70. Mimi huku pwani, kwa sababu ya joto letu, huziweka kati ya 62 na 65. Kwa hiyo kila Ijumaa ulikuwa ukimwagilia shamba lililo chini ya maji ya masika. Kazi ya sanduku huku kwetu ni kuizuia hewa ya nje isiingie, na kunyonya kile kidogo kinachopenya.

Na harufu huingia kwa mlango uleule wa unyevu. Muulize mkeo. Akitaka nguo ishike udi huitandaza juu ya chetezo, na nguo yenye unyevunyevu hushika kuliko iliyokauka kau. Jani la tumbaku lina vinyweleo vingi, lina mafuta yake, nalo halichagui: hunywa mvuke wowote ulio karibu. Ukiliweka miezi minne kati ya chetezo na papa, katika unyevu wa 82, umelifukiza. Sanduku lenyewe pia limekunywa, maana mbao ya ndani haikupakwa kitu, na haikupakwa makusudi ili ivute na kutoa unyevu.

Basi leo hii, kabla hujafanya lingine lolote, litoe sanduku ghalani. Kama nyumba ni ya mawe ya zamani, lipeleke chumba cha ndani kabisa, kile ambacho kuta zake nene za matumbawe hukaa baridi mchana kutwa. Kisiwe chumba kinachofukizwa udi, kisiwe karibu na jiko wala choo, na usikipulize dawa ya mbu. Chumba chenye kiyoyozi nacho usikitamani: kikiwaka hukausha, umeme ukikatika unyevu hurudi kwa kishindo, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakopasua sigaa.

Tandaza karatasi nyeupe safi mezani, nawa mikono kwa maji na sabuni isiyo na manukato, ukaushe, kisha zitoe moja moja. Zile zenye vitundu zitie kwenye mfuko wa zipu, funga, weka mbali. Nyingine gongagonga kila moja polepole juu ya karatasi. Ukiona vumbi laini la rangi ya kahawia likimwagika kutoka kwenye mguu wa sigaa, pale panapowashwa, hiyo nayo ina mgeni.

Mgeni huyo ni fukusi wa tumbaku, jina lake la kitaalamu Lasioderma serricorne, kijidudu cha rangi ya kahawia nyekundu chenye urefu wa milimita 2 hadi 3. Mharibifu hasa ni buu lake, ambalo hutoboa njia ndani ya sigaa likila. Kitundu unachokiona mara nyingi ni mlango aliotokea akiwa mkubwa. Mayai yaweza kuwa yalikuja ndani ya jani tangu shambani, yakasubiri joto. Kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hulala. Kwenye nyuzi 28 za Lamu huanguliwa. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mdudu huyuhuyu hula pilipili kavu, tangawizi, manjano na giligilani, na hata samaki mkavu. Kwa hiyo huenda sigaa ziliambukizwa na makopo yenu, na huenda makopo yameambukizwa na sigaa. Mwambie mkeo apepete viungo vyake vyote. Siwezi kusema nani alianza, na nakushauri nawe usiulize ukiwa nyumbani.

Dawa yake ni ubaridi, lakini usikimbilie friza leo. Sigaa iliyovimba kwa maji ikigandishwa, jani la nje hupasuka kwa urefu. Zishushe unyevu kwanza. Tafuta kopo la plastiki la kuwekea chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko na ndoano pande nne. Liwe jipya: lililowahi kubeba biriani halifai, na yale masanduku ya barafu ya wavuvi usiyataje kabisa. Lioshe, likauke, liache wazi siku tatu mpaka harufu ya plastiki iishe.

Ndani yake tia pakiti za kudhibiti unyevu. Zinazojulikana zaidi ni za Boveda, na kila pakiti imeandikwa namba yake: 62, 65, 69 na kadhalika. Chukua za 65. Pakiti moja ya gramu 60 yatosha sanduku la sigaa 25, lakini wewe unaanzia kwenye 82, basi weka tatu. Uzuri wake ni kwamba hutoa maji hewa ikiwa kavu na huyanyonya hewa ikiwa mbichi. Huku kwetu zitavimba badala ya kukauka. Ikijaa maji na kutepeta kama puto, imekwisha kazi. Lamu usizitafute, agizia Nairobi, au rafiki wa mwenye nyumba akija aje nazo mfukoni. Wakati unangoja, vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya viatu vipya vyaweza kusaidia, ila vyenyewe havina kiasi: hunyonya tu. Weka viwili vitatu, angalia kipimo asubuhi na jioni, kikigusa 68 vitoe.

Kipimo nacho, usikiamini mpaka ukijaribu. Ile haigromita ya mshale iliyobandikwa kwenye kifuniko ni pambo zaidi kuliko kifaa. Nimeona inayosema 70 kumbe ni 80. Nunua ndogo ya tarakimu, kisha ijaribu kwa chumvi. Chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani ya kawaida, ile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hapo kaskazini mwa Malindi, iloweshe kwa matone machache ya maji. Iwe kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Ikiwa mchuzi umezidisha. Tia kifuniko hicho na kipimo ndani ya mfuko wa zipu, funga, acha saa 24 bila kugusa. Hewa iliyofungiwa na chumvi yenye maji husimama kwenye asilimia 75, iwe Lamu au London. Kipimo kikisoma 79, jua kinazidisha 4, uzitoe kila siku unaposoma. Zile pakiti nilizokutajia hutumia siri hiyohiyo, ila kwa chumvi za aina nyingine.

Sigaa zikikaa kwenye kopo siku saba hadi kumi, zibonyeze. Iliyo sawa hurudi taratibu ukiiachia, kama andazi lililoumuka vyema. Iliyolowa hukaa na alama ya kidole. Zikiwa sawa ndipo uende friza. Zitie kwenye mfuko wa zipu, toa hewa, uutie ndani ya mfuko wa pili, kisha ndani ya kopo lenye mpira, maana friza nyingi za kisiwani zina samaki, na tumeshakula hasara ya samaki mara moja. Weka friji ya kawaida siku moja, kisha friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa siku tatu kamili. Kama ni friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa na umeme wenu mnaujua, fanya wiki. Halafu irudi friji siku moja, kisha chumbani. Usifungue mfuko mpaka uwe umepata joto la chumba kabisa, la sivyo umande utatua juu ya sigaa na utaanza upya. Kuziacha friji moja kwa moja ndilo kosa nililokukataza mwanzo: friji hukausha, na vitunguu vya jana vitahamia humo.

Ukungu sasa. Yale manyoya meupe, au ya kijivu, au ya buluu-kijani, yafute kwa brashi laini kavu, nje, kwenye upepo, si juu ya sigaa nyingine. Yakiwa kwenye jani la nje tu, sigaa hiyo ina maisha. Yakiwa yameingia kwenye mguu, itupe. Utakutana na bwana mmoja mwenye kofia atakayekwambia kwamba weupe huo ni maua ya ukomavu, dalili ya sigaa bora. Nimesikia hadithi hiyo miaka yote, na kila mara nilipoletewa maua hayo yalikuwa ukungu.

Turudi kwenye harufu, ambayo ndiyo iliyokuleta. Nusa sigaa mahali pawili: ubavuni, kisha mguuni, ukivuta hewa kidogo kupitia ndani bila kuwasha. Harufu ikiwa ubavuni tu, imekaa kwenye jani la nje na itapungua. Ikiwa imefika moyoni, matumaini ni madogo. Udi husamehe, baada ya miezi miwili mitatu ya kupumzika mahali safi hubaki kivuli tu, na najua mgeni mmoja aliyekipenda. Papa hukawia zaidi. Sifa, yale mafuta ya ini la papa mnayopaka mashua, haina msamaha, sawa na mafuta ya taa na naftalini. Iliyoshika sifa usimpe mtu. Na kama utasikia ukali unaopanda puani kama mkojo wa paka, huo si wa ghala lako. Ni amonia ya tumbaku changa ambayo haijamaliza kuchacha; huisha yenyewe kwa kukaa.

Zile zinazonuka kidogo zirudishe kwenye kopo la plastiki na pakiti ya 65. Ongeza vipande vya mbao nyembamba ya mwerezi, ile inayowekwa ndani ya maboksi ya sigaa kutenganisha safu. Mwenye nyumba hakosi boksi tupu kabatini. Kwenye kona weka mfuko mdogo wa kitambaa wenye mkaa maalumu wa kunyonya harufu, uleule unaotiwa kwenye vichungio vya maji. Mfuko huo usigusane na sigaa. Mkaa wa jikoni haufanyi kazi kama huo na utazipaka masizi. Buni ya kahawa wanayoisifu watu huongeza harufu ya tatu juu ya mbili. Fungua kopo dakika chache kila wiki, hewa ibadilike.

Sanduku lenyewe litachukua muda mrefu kuliko sigaa. Sponji itupe, maji ya bomba yana chumvi na chokaa, yameshaiziba na kuilisha ukungu. Futa ndani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilichoguswa tu na maji yaliyokenekwa, hayo ya duka la dawa. Watu hutumia maji ya betri, na yafaa, lakini soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Likikauka, pitisha msasa laini wa namba 220 kwa kufuata mkondo wa mbao, kidogo tu, kuondoa ile ngozi ya juu iliyokunywa harufu. Vumbi liondoe kwa brashi. Kisha liache wazi kivulini penye upepo siku ambazo hazina mvua, na usiku lifunge na mfuko wa mkaa ndani. Juani litapinda na kifuniko hakitakaa tena. Wiki tatu, pengine sita. Lifunge usiku kucha bila kitu, asubuhi tia pua kabla ya chai: pua iliyolala ndiyo yenye kusema kweli.

Na ikiwa utamwita seremala, simama naye. Mafundi wa Lamu ni mabingwa wa milango na makasha, lakini mkono wao haujui kuacha mbao bila kuipaka kitu. Tone la vanishi au mafuta ndani ya sanduku hili, na limekwisha. Mbao ya ndani wanaiita mwerezi wa Kihispania, lakini si mwerezi wala si wa Hispania. Ni Cedrela odorata wa Amerika ya kitropiki, wa ukoo mmoja na mkangazi na, amini usiamini, mwarobaini wako wa uani. Kipande kikiharibika kabisa, mkangazi mkavu usiopakwa kitu nitaukubali. Msaji una mafuta yake, sanduku la kafuri litaua kila sigaa kwa wiki moja, na mwarobaini mwachie mgonjwa wa homa.

Mwisho wa matengenezo, jaribu kifuniko: weka noti ya shilingi mia ukingoni, funga, uivute. Ikitoka bila kushikwa, upande huo unapitisha hewa. Katika hewa yenu sanduku linalopitisha ni pambo la meza. Sigaa zibaki kwenye plastiki, na mwenyewe akija azihamishe sandukuni zile za wiki hiyo. Mimi Malindi ndivyo nifanyavyo hata kwa sanduku zima, na hakuna mgeni aliyeonja tofauti.

Zile nyeusi za Kitaliano nimeziacha makusudi. Hizo ni Toscano, na sisi Malindi tumezijua tangu Waitaliano walipoanza kuja wakati wa San Marco, kile kituo cha kurushia roketi pale Ngomeni, miaka ya 1960. Hutengenezwa kwa tumbaku aina ya Kentucky inayokaushwa kwa moshi wa kuni, kisha ikachachishwa. Wenyewe husimulia kwamba mwaka 1815 mvua kubwa ililowesha marobota ya tumbaku huko Florence, yakachacha, na badala ya kuyatupa wakayasokota. Kwa mapishi hayo, Toscano haihitaji humidori. Yapenda pakavu zaidi, na kopo lake dogo lenye kifuniko laitosha. Hatari yake ni kwa jirani. Mwaka wangu wa pili kazini niliziweka pamoja na za Cuba za mgeni mmoja, safu moja, kwa nia njema ya kupanga vizuri. Baada ya mwezi akawasha moja mezani, akaitoa mdomoni, akaitazama, akaniuliza kwa upole kama jikoni tunakausha nyama. Zile Toscano zako zitenge leo, na zenyewe huenda ndizo zilizoumia kidogo kuliko zote.

Ukishahesabu, mpigie. Mwambie zilikuwa ngapi, ngapi umezitenga, ngapi zimepita friza, na kwamba sponji umeitupa kwa ushauri wangu. Akikasirika anitafute mimi. Mwagize aje na pakiti za 65 na haigromita ya tarakimu. Na zile mbili zenye vitundu usizitupe: zigandishe na wenzake, uzitie kwenye chupa yenye kifuniko, umwekee mezani siku atakayofika, azione kwa macho yake.